Biskuti za nanaa na vipande vya chokoleti: nitengeneze vipi mapishi yangu mwenyewe katika joto la Lamu?

Mpishi wa Langoni (Lamu)

Assalaam alaykum wapishi wenzangu, na hamjambo nyote.

Naishi Langoni, mjini Lamu, na riziki yangu inatoka jikoni: huoka mkate wa mayai, vileja na nankatai kwa ajili ya arusi, hitima na wasafiri wanaopenda kuchukua kitu cha kutafuna njiani. Hivi karibuni nyumba moja ya wageni iliyoko Shela, kijiji jirani, imeniagiza biskuti za nanaa zenye vipande vya chokoleti, za kuwekwa mezani wakati wa chai ya alasiri, na wenyewe wameeleza wazitakavyo: kingo ziwe kavu, katikati pawe laini, chokoleti ionekane kwa macho, na nanaa isikike bila kuifunika chokoleti.

Ningeweza kuchukua mapishi yoyote ya Kizungu nikayafuata neno kwa neno, lakini nimeona kwamba hayakai sawa katika hali ya hewa yetu. Karibu yote yanaagiza siagi iachwe nje mpaka ifikie joto la chumba, agizo ambalo nadhani lina maana kwa mtu aliye London, kwani hapa wakati wa kaskazi siagi iliyoachwa juu ya meza hugeuka mafuta kabla hujamaliza kuchekecha unga. Biskuti zikiingia katika oveni hutandaa mpaka zikaungana, na nikizitenganisha kwa kisu huwa nyembamba, ngumu na zenye mafuta chini.

Kuhusu nanaa yenyewe nimetumia njia mbili, na zote mbili hazijaniridhisha. Majani mabichi ya nanaa ileile tunayoitia kwenye chai, nikiyakatakata na kuyachanganya na donge, hutoka kwenye oveni yakiwa madoa meusi, na ladha inayobaki ni ya majani makavu. Arki ya chupa nayo, yaani harufu ya nanaa ya majimaji, hata ikitiwa kidogo, humkumbusha mlaji dawa ya meno.

Ninachoomba ni kuelezwa namna ya kuyajenga mapishi haya tangu msingi wake, pamoja na sababu za kila jambo, ili nikikosa kiungo fulani niweze kujua nibadilishe nini. Oveni yangu ni ya gesi na kipimo chake cha joto hakitegemeki. Gesi ikinishia huoka kwa kupalia makaa.

Muoka Mikate (Malindi)

Wa alaykum salaam dada. Mimi nimefanya kazi miaka mingi katika majiko ya mikate na keki hapa Malindi, mengi yao yakiwa ya Wataliano, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uiweke nanaa kando kwa sasa. Tengeneza kwanza biskuti ya chokoleti isiyo na nanaa ambayo inasimama vizuri katika jiko lako na kwa moto wako, ndipo uje kwenye ladha. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, biskuti ikiharibika hutajua ni lipi lililoiharibu, na ikipendeza vilevile hutajua ni lipi la kushukuriwa.

Kutandaa kunatokana zaidi na siagi. Siagi huyeyuka kabisa baina ya nyuzi 32 na 35 za Selsiasi, na kabla ya hapo huwa imekwisha kulegea kiasi cha kutofaa kwa kazi hii. Jiko la pwani saa sita za mchana, oveni ikiwa imewashwa, halikosi kufika nyuzi 30. Tunapochapa siagi na sukari tunaingiza hewa ndani ya mafuta, na mafuta yaliyolainika kupita kiasi hayawezi kuishika hewa hiyo. Kwa hiyo usiiache siagi mezani hata kidogo. Itoe kwenye friji, ikate vipande vidogo, kisha uichape na sukari ikiwa bado na ubaridi. Ukiibonyeza kwa kidole ikubali kubonyea, lakini kidole kisitoke kiking'aa mafuta. Mimi kazi ya kuchanganya huifanya baada ya swala ya alfajiri, na siku za joto kali hulitia hata bakuli ndani ya friji kabla ya kuanza.

Kipimo ninachoanzia ni hiki, nacho ni msingi tu wa kujengea: siagi gramu 115, sukari ya kahawia gramu 100, sukari nyeupe gramu 50, yai moja, unga wa ngano gramu 165, soda ya kuokea nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko cha chai, na chokoleti gramu 130 hivi. Mapishi mengi ya Kimarekani hutumia unga usiozidi gramu 140 kwa siagi kiasi hicho. Nimeongeza kwa sababu ya joto letu. Tafadhali tumia mizani, kwa maana kikombe cha unga uliochotwa na kushindiliwa hutofautiana sana na kikombe cha unga uliochekechwa, na katika biskuti gramu 20 za unga zinatosha kubadilisha kila kitu.

Kuhusu sukari, ile nyeupe huifanya biskuti itandae na kukauka, na ile ya kahawia huipa ulaini, kwa kuwa molasi (uji mweusi wa miwa) iliyomo hushika unyevunyevu na ina asidi kidogo inayoiamsha soda. Ukiikosa sukari ya kahawia, sukari guru iliyopondwa na kuchekechwa inafaa, ila chagua iliyo kavu. Usiongeze soda kwa kudhani kwamba biskuti itavimba zaidi. Soda ikizidi hutoa ladha ya sabuni, nayo pamoja na nanaa ni balaa.

Donge likishachanganyika, lifinyange matonge ya gramu 35 au 40, uyafunike na kuyaacha kwenye friji usiku kucha, au kwa uchache saa mbili. Mafuta hurudi kuwa magumu, na unga hupata muda wa kunywa unyevu wa yai, kwa hiyo tonge likiingia katika oveni kingo zake huwahi kuiva kabla mafuta hayajakimbia. Joto liwe baina ya nyuzi 175 na 180, kwa dakika 10 hadi 12. Zitoe wakati kingo zimeshika rangi na katikati bado panaonekana pabichi, kisha uziache juu ya treya ileile ya moto kwa dakika 5, kwani huendelea kuiva hapo. Ukisubiri mpaka katikati pakauke ndani ya oveni, zitakuwa ngumu zikipoa.

Kipimo cha joto cha kuning'iniza ndani ya oveni hakina gharama kubwa, na kwa kazi ya kuuza ningekihesabu kuwa ni cha lazima. Na kila unapotengeneza donge jipya, oka kwanza biskuti moja ya majaribio. Ikitandaa, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha unga kwenye donge lililobaki. Ikikataa kutandaa na kubaki kama ulivyoiviringa, ibonyeze kidogo kwa kiganja kabla ya kuoka, wala usiguse vipimo.

Mwalimu Mstaafu (Malindi)

Nimesomesha kemia, kwa hiyo mtanisamehe nikiingia zaidi katika upande wa nanaa, ambao nadhani ndio uliomsumbua zaidi dada yetu.

Nanaa si aina moja. Ile tunayouziwa sokoni kwa ajili ya chai kwa kawaida ni Mentha spicata, ambayo harufu yake inatokana hasa na kemikali iitwayo karvoni. Ile inayoleta ubaridi mkali mdomoni ni Mentha piperita, ambayo ni mchanganyiko wa hiyo spicata na nanaa ya majini, Mentha aquatica, nayo imejaa mentholi. Mentholi huviamsha vipokezi vya baridi vilivyo mdomoni ijapokuwa hakuna chochote kilichopoa. Utafiti juu ya vipokezi vya joto, baridi na mguso ndio uliowapatia David Julius na Ardem Patapoutian Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2021. Maana yake kwa jiko lako ni kwamba nanaa ya chai, hata ukiijaza kapu zima, itakupa harufu nzuri yenye utamu lakini haitakupa ubaridi ule ambao wageni wako wameuzoea katika vitu vya nanaa na chokoleti. (Karvoni, kwa taarifa tu, imo pia katika kisibiti, isipokuwa molekuli yake huko imegeuzwa kama mkono wa kulia na wa kushoto, na pua zetu zinautambua ugeuzi huo kuwa harufu nyingine kabisa.)

Weusi wa majani una sababu mbili. Jani likikatwa, vimeng'enya vyake hukutana na hewa na kuanza kulitia wekundu na weusi, na baadaye joto pamoja na asidi iliyomo ndani ya jani huiondoa magnesiamu iliyo katikati ya klorofili (ile rangi ya kijani ya jani), kijani kikageuka kuwa rangi ya zaituni iliyochakaa. Wakati huohuo mafuta yenye harufu, ambayo hupeperuka kwa wepesi, hutoka pamoja na mvuke; ile harufu nzuri inayojaa nyumbani wakati wa kuoka ni ladha iliyokwisha kuikimbia biskuti.

Dawa yake ni kuipitisha nanaa katika siagi, kwa kuwa karvoni na mentholi huyeyuka vizuri katika mafuta na kwa shida sana katika maji. Chukua siagi gramu 140, si 115, kwa sababu sehemu yake itabaki katika majani. Iyeyushe kwa moto mdogo bila kuiacha ichemke. Majani yawe yameoshwa na kukaushwa kabisa kwa kitambaa safi, kiasi cha gramu 30 bila vijiti. Yafikiche kidogo kwa vidole, yatie ndani ya siagi, funika kwa mfuniko unaobana na uondoe motoni. Acha kwa muda wa nusu saa hadi dakika 45, kisha uchuje kwa kitambaa na kukamua mpaka majani yawe makavu mkononi. Utapata siagi yenye rangi ya kijani iliyopauka. Pima gramu 115, uiweke kwenye friji mpaka igande, na uitumie kama alivyoeleza Muoka Mikate. Usiyaache majani ndani ya siagi usiku kucha ukitumaini kupata zaidi, kwani utakachopata ni uchungu.

Siagi hiyo ndiyo mwili wa ladha. Ubaridi utautia kwa arki au mafuta ya nanaa kali, na kwa kuwa harufu imekwisha kujengwa na majani, utahitaji kidogo sana. Nadhani hapo ndipo ladha ya dawa ya meno inapokwepeka: hutokea pale mentholi inaposimama peke yake juu ya utamu, bila kitu kingine chochote cha kijani nyuma yake.

Mpishi wa Langoni (Lamu)

Mwalimu, na wewe kaka wa Malindi, Mungu awalipe. Siagi ya majani nimekwisha kuitengeneza leo asubuhi na harufu yake ni nyingine kabisa.

Yamebaki mambo mawili juu ya arki. Chupa niliyo nayo, nilipoisoma maandishi yake kwa makini, imeandikwa kwamba ina alkoholi, na mimi pamoja na wateja wangu wengi wa hapa hatuitumii. Pili, katika duka la dawa nimeona mafuta ya nanaa ya bei nafuu zaidi, yanayouzwa kwa ajili ya kuchua na kunusa wakati wa mafua. Je, yanafaa kutiwa katika chakula kwa kiasi cha tone moja?

Jiko la Wageni (Shela)

Dada, hayo ya duka la dawa yaache palepale yalipo. Mafuta ya kuchua mara nyingi huchanganywa na vitu vingine visivyoliwa, na hata yakiwa safi hayakutengenezwa kwa kiwango cha chakula. Pia usiyaweke mahali watoto wadogo wanapofikia, kwa maana mentholi nyingi ni hatari kwao.

Kuhusu alkoholi, arki nyingi za kawaida hutengenezwa kwa kuiyeyusha harufu ndani yake, lakini zipo zinazotengenezwa kwa gliserini au kwa mafuta ya kula, na maandishi ya chupa huonyesha jambo hilo. Gliserini nayo ina asili zaidi ya moja, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya mimea, au yenye alama ya halali. Ukiagiza kutoka Mombasa au Malindi, omba upigiwe picha ya nyuma ya chupa kabla ya kulipa. Kumbuka kuitazama na vanila yako, kwani nayo mara nyingi ina tatizo lilelile.

Sasa kipimo. Arki ya kawaida kwa donge la unga gramu 165 isizidi nusu kijiko cha chai, na kwa kuwa wewe una siagi ya majani, robo kijiko inaweza kutosha. Mafuta halisi ya nanaa kali yaliyoruhusiwa kwa chakula ni makali mara kadhaa kuliko arki, kwa hiyo hayapimwi kwa kijiko. Mimi huyachanganya tone moja na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, halafu huchota katika mchanganyiko huo. Na harufu yoyote utakayoitumia itie wakati wa kuchapa siagi na sukari, isije ikatiwa mwisho juu ya unga, kwani itashika sehemu moja na kuiacha nyingine.

Njia bora ya kupata kiasi chako ni kuligawa donge moja mabakuli matatu kabla ya kutia chokoleti: la kwanza lenye siagi ya majani tu, la pili lenye arki kidogo, la tatu lenye arki maradufu. Oka, weka alama chini ya kila sahani, kisha uwape watu wasiojua ni ipi ni ipi. Lakini zisionjwe zikiwa za moto. Biskuti ya moto hutoa harufu nyingi ya nanaa na chokoleti yake haijashika, ukaishia kutia nanaa pungufu au zaidi ya inayotakiwa. Onjeni zikiwa zimepoa, na tena siku ya pili, ambapo ladha huwa zimetulia. Kwetu hapa iliyoshinda ilikuwa ile ya katikati, isipokuwa wageni waliotoka Uingereza waliitaka kali zaidi, na wenzetu wa hapa waliotaka kali hawakuwapo kabisa.

Nije kwenye chokoleti, kwa kuwa hakuna aliyeigusa. Vipande vingi vya bei nafuu vinavyouzwa kama chokoleti ya kupikia vimetengenezwa kwa unga wa kakao na mafuta mengine ya mimea badala ya siagi ya kakao. Faida yake ni kwamba haviyeyuki ovyo katika joto letu, lakini mdomoni hubaki kama nta, na mafuta hayo hukaa juu ya ulimi na kuizuia nanaa isisikike. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, yaani chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo sababu chokoleti ya kweli hulainika mara tu inapoingia kinywani. Soma viungo, siagi ya kakao iwemo. Kiwango cha kakao kiwe asilimia 50 hadi 60, kwa maana donge lina sukari ya kutosha na ile ya maziwa italeta utamu wa kukinaisha.

Huna haja ya kutafuta vile vipande vidogo vilivyotengenezwa tayari. Ruth Wakefield, aliyeanzisha biskuti hizi miaka ya 1930 katika mkahawa wake wa Toll House, mjini Whitman katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, alikuwa akikatakata chokoleti ya kipande, na vile vidogo vya kiwandani vilikuja baadaye. Iweke chokoleti kwenye friji, ikate kwa kisu kizito, kisha upepete na kuutoa ule unga wake ili usilichafue donge. Hifadhi vipande vichache vikubwa, uvibandike juu ya kila tonge kabla ya kuoka. Wateja wako waliotaka chokoleti ionekane kwa macho wataridhika.

Bi Mkubwa wa Mkomani (Lamu)

Mwanangu, nimesoma yote na nimefurahi kuona vijana wanaulizana kwa adabu. Nina machache.

Umesema gesi ikiisha unapalia makaa. Biskuti kwa makaa zinawezekana, lakini si kwa moto ule unaouzoea wa mkate wa sinia, kwa kuwa biskuti huungua chini upesi sana kwa ajili ya sukari. Tumia sufuria zito na pana, utandaze mchanga mkavu uliosafishwa chini yake, na juu ya mchanga uweke kigae au sahani ya bati iliyopinduliwa, ndipo uweke sinia lako dogo. Makaa ya chini yawe machache na yawe yameiva, yameshika jivu jeupe. Makaa mengi yawe juu ya mfuniko. Liache sufuria lipate moto kwanza likiwa tupu. Kabla ya kutia biskuti nyunyiza unga kidogo kwenye sinia na ufunike: ukishika rangi ya kahawia taratibu ni sawa, na ukiwa mweusi mara moja basi punguza makaa ya chini na usubiri. Oka chache chache, nne au tano, na usifunuefunue kila dakika, kwani kila ukifunua joto la juu lote linakwenda zake.

La pili, naona hapa kila mtu anasema siagi, siagi. Sisi tumeoka kwa samli tangu zamani na haijatuangusha. Samli haiharibiki upesi umeme ukikatika, na harufu yake na chokoleti zinapatana. Ningetaka kujua kwa nini isitumike.

La tatu, tafadhali usitie rangi ya kijani. Nimeziona biskuti za namna hiyo kwa wajukuu zangu, na sikutamani kula.

Muoka Mikate (Malindi)

Shikamoo Bi Mkubwa. Maelezo yako ya makaa nimeyahifadhi, na hilo la rangi nakuunga mkono kabisa.

Juu ya samli, tatizo lake ni kwamba ni mafuta matupu. Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji, ambayo hugeuka mvuke ndani ya oveni na pia huusaidia unga kushikana. Nankatai hutengenezwa kwa samli, na ndiyo sababu humomonyoka mdomoni kwa namna ile tunayoipenda. Ila wateja wa dada wametaka katikati palaini panapovutika kidogo, na samli peke yake haiwezi kufanya hivyo. Anaweza kubadilisha robo ya siagi kwa samli akapata harufu bila kupoteza ulaini, na pengine aongeze kijiko cha chai cha maziwa. Kwa upande wa nanaa, majani yanaweza kutiwa katika samli kwa njia ileile ya Mwalimu, na itakaa siku nyingi zaidi kwenye friji kuliko siagi.

Bi Mkubwa wa Mkomani (Lamu)

Marahaba. Robo nakubali, ingawa mimi nikizioka zangu nitatia nusu, na atakayeona zinamomonyoka azile kwa kijiko.

Mpishi wa Langoni (Lamu)

Bi Mkubwa, umenichekesha hapa jikoni peke yangu.

Nimeoka kwa vipimo vya gramu 165 za unga, siagi ya majani iliyogandishwa, na arki ya gliserini robo kijiko ambayo jirani alikuwa nayo. Hazikuungana. Kingo zimesimama, katikati pana mikunjo kidogo, na ukiivunja ikiwa vuguvugu chokoleti inavuta uzi. Ubaridi wa nanaa unakuja mwishoni, baada ya kumeza, na hakuna dalili hata kidogo ya kupigia mswaki. Nadhani nitaongeza chumvi kidogo, kwa kuwa utamu bado uko juu, na nitaijaribu ile robo ya samli katika donge lijalo.

Lililobaki ni kuhifadhi. Unyevu wa huku wanaufahamu wote. Biskuti iliyoachwa wazi tangu asubuhi, jioni imelegea. Nao wa Shela wanazihitaji kila siku, lakini si nyingi, na sitaki kuwasha oveni kila siku kwa biskuti kumi.

Jiko la Wageni (Shela)

Zilizokwisha kuokwa zisubiri mpaka zipoe kabisa, kwani zikifungwa na joto lake mvuke hugeuka maji ndani ya kopo. Kopo liwe la bati au la plastiki lenye mfuniko unaobana, na liwe la biskuti hizi peke yake. Nanaa ni mwenye kuambukiza, na ukizichanganya na vileja, kesho utauza vileja vya nanaa. Kwa namna hiyo zitakaa vizuri kwa siku tatu au nne. Zikilegea kingo, zirudishe kwenye oveni yenye joto la nyuzi 150 kwa dakika chache tu, kisha zipoe tena.

Lakini kwa oda ya namna yako mimi nisingepeleka biskuti zilizookwa. Finyanga matonge, yagandishe kwenye sinia ndani ya friza mpaka yawe magumu, ndipo uyatie katika mfuko, yasije yakashikana. Hukaa hata mwezi mmoja au miwili bila kupoteza kitu, na huokwa yakiwa yameganda vilevile kwa kuongeza dakika moja au mbili. Wapelekee matonge hayo kwa boti asubuhi na mapema, ndani ya kasha lenye barafu, nao wayaoke wenyewe saa tisa alasiri, idadi wanayoihitaji siku hiyo. Waandikie maelezo mafupi ya joto na dakika, usiwaachie kukisia, na uende wewe mwenyewe mara ya kwanza mkaoke pamoja katika oveni yao. Bei ya matonge iwe pungufu kidogo kuliko ya biskuti, kwa kuwa gesi ni yao, lakini usiipunguze sana: chokoleti yenye siagi ya kakao ndiyo iliyokula fedha zako, na hiyo haipungui kwa sababu aliyewasha oveni ni mwingine.